Mpiga Picha wa Ridhaa

Picha ya kwanza niliyompiga bibi yangu niliifuta huku amenishika mkono.

Ilikuwa Desemba 2011, jikoni kwake, upande wa Kishapu. Jua lilikwisha zama na mwanga uliobaki ulikuwa wa mafiga tu. Kamera ndogo ya mtumba niliyoinunua Kahama kwa fedha ya likizo ilikuwa na siku tatu mkononi mwangu. Nikabonyeza. Flashi ikalipuka, kuku wakaruka tengani, na kwenye kioo kidogo cha nyuma akatokea mwanamke mzee amechuchumaa, mwiko mkononi, macho yake mawili yakiwaka wekundu ambao sikuwahi kuuona usoni mwa mtu.

Bibi alitaka kuona. Akaisogeza kamera karibu, akaisogeza mbali, akatazama mlangoni, kisha akaitazama tena. Alipozungumza alitumia utani wetu wa siku zote, ule wa bibi na mjukuu, ila kicheko hakikuwamo.

"Mume wangu," alisema, "hii ikitoka nje ya mlango huu, umeniua."

Msomaji wa Lindi au wa Pemba anaweza kudhani bibi alitia chumvi. Wa Shinyanga, Geita au Simiyu hahitaji maelezo. Kwetu kikongwe mwenye macho mekundu ameitwa mchawi kwa miaka mingi, na jina hilo limewafikisha wengi kwenye panga la usiku. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliachia uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa dola, Mwanza na Shinyanga, katika msako uliohusu mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Kujiuzulu kwake hutajwa hadi leo kama mfano wa uwajibikaji. Waliouawa kwanza, wale wa vijijini ambao kifo chao ndicho kilichouanzisha msako, hawatajwi sana.

Wapiga picha duniani kote wanalijua tatizo la macho mekundu na wanalichukulia kama kasoro ndogo. Gizani mboni hupanuka. Flashi ikiwa karibu na lenzi, mwanga hupenya moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma wa jicho, ambao umejaa damu, kisha hurudi ulikotoka ukiwa umebeba rangi ya damu hiyo. Ng'ombe na mbuzi hawapatwi na jambo hili kwa namna yetu. Wao wana utando unaong'aa nyuma ya jicho, ndiyo maana ukipiga picha zizini usiku unapata nyota za kijani. Kamera yangu ilikuwa na kitufe cha kuondoa wekundu, kimechorwa jicho dogo. Niliyekuwa sijui kukitumia ni mimi. Na kijitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa lugha saba, hakikusema popote kwamba ipo sehemu ya dunia ambako rangi ile ni ushahidi wa kukupeleka kaburini.

Lakini bibi hakuhitaji flashi yangu ili awe na macho mekundu. Alikuwa nayo mchana kweupe. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, mabua ya mtama na vijiti vya pamba, ndani ya chumba kisicho na dirisha, tangu alipoolewa. Kuni zilikuwa mbali. Nilipoanza kufikiri kwa nini zilikuwa mbali, ndipo nilipojikuta nimekuwa mpiga picha wa miti.

*

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wenzangu ofisini wakiniuliza kwa nini nahangaika na kamera isiyoniletea hata mia, huwajibu kwamba mimi ni mpiga picha wa ridhaa, nao hucheka, kwa sababu neno hilo wamelizoea kwenye ngumi. Bondia wa ridhaa ni yule anayepigana bila malipo. Sijui ni nani wa kwanza aliyeliteua neno hili kwa maana hiyo, ila alinipa kazi. Maana ridhaa kabla ya kufika ulingoni ni kukubali. Ni radhi, ni moyo wa mtu kusema sawa. Bondia amekubali mwenyewe kupanda ulingoni, na anayepigana naye pia amekubali. Miaka yangu ya mwanzo nilidhani ridhaa inayohitajika katika kazi hii ni yangu peke yangu.

Baada ya siku ile jikoni bibi hakunikataza kupiga picha. Aliweka masharti. Mikono yake, ruhusa. Mgongo wake akiwa shambani, ruhusa. Kanga yake ikiwa kwenye kamba, piga hadi uchoke. Uso, hapana. Kwa hiyo nina picha za mikono ya bibi ambazo naamini hakuna mjukuu mwingine mkoani aliye nazo: mikono inapasua viazi vitamu kwa kisu kilicholika hadi kikawa kama unyoya, mikono inatandaza michembe juu ya mwamba mbele ya nyumba, kipande kwa kipande, bila kimoja kulalia kingine, mikono inachambua mboga ya nsansa, mikono inamkuna mgongo mtoto wa dada yangu aliyelala usingizi wa tetekuwanga. Mwamba ule wa michembe niliujua maisha yangu yote kama mahali pa kuchezea. Nilipouona kwenye picha ndipo nilipogundua kwamba katikati umelainika na kung'aa. Vizazi vya viazi na viganja vimeupaka nta.

Nadhani ningepewa ruhusa ya uso mapema, mwamba ule nisingeuona.

*

Kuhusu miti. Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Charles Swynnerton, alikuja Shinyanga kupambana na mbung'o. Alikuwa mtu wa wanyama na mimea, mwenye macho makali, na kituo cha utafiti wa mbung'o kilichojengwa Shinyanga ya Kale kilijulikana kote Afrika. Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi kueleza: mbung'o anataka kivuli, ondoa kivuli. Watu walitolewa kwa maelfu kufyeka vichaka na kuchoma. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na ufyekaji ukaendelea. Ikafuata pamba, ambayo nayo haitaki kivuli. Ikafuata mifugo mingi kuliko majani, kisha vijiji vya miaka ya 1970, watu wengi mahali pamoja wakikata kuni mahali pamoja. Ilipofika miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa bila kutania.

Ng'ombe walipona. Bibi zetu wakaanza kupikia kinyesi cha ng'ombe hao.

Sisemi kwamba Swynnerton ndiye aliyewaua vikongwe. Panga lina mkono unaolishika, na mkono huo ni wetu. Lakini nilipokuwa nimekaa jikoni kwa bibi, machozi yananitoka kwa moshi nikijaribu kupiga picha ya sufuria, niliona kwamba jicho la mwanamke wa Kisukuma limeandikwa ndani yake historia yote ya msitu wake, na kwamba jirani anayelisoma jicho hilo anasoma kitu kingine kabisa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baadaye Norway ikausaidia. Mwanzoni waligawa miche. Miche mingi ilikufa. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa wataalamu si rahisi: wakawauliza wazee. Wazee wakawaambia habari za ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, hakiingizwi mnyama, hadi kiangazi kikali ndipo kinafunguliwa kwa ndama na maksai. Ukifunga ardhi, visiki vilivyosahauliwa chini huchipua vyenyewe. Mwaka mradi ulipoanza zilikuwepo ngitili za yapata hekta 600 tu. Baada ya miaka isiyofika ishirini zilipita hekta 300,000, na watafiti waliokuja kuhesabu walipata ndani yake aina 145 za ndege.

Mjomba wangu ana ngitili ya ekari nne. Nyuma yake kuna kichuguu, na mbele ya kichuguu kuna mgunga. Tangu 2012, kila mwaka baada ya mvua ya kwanza, napanda juu ya kichuguu kilekile saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuupiga picha mgunga uleule. Mwanga wa Shinyanga hauna huruma: ikifika saa nne asubuhi kila kitu kimekuwa cheupe kama unga, na hadi saa kumi jioni ni heri ufunge kamera ukalale. Lakini alfajiri baada ya mvua, vumbi likiwa limelala, kuna nusu saa ambayo hata bati bovu linapendeza.

Mjomba hakuelewa. "Mpwa wangu, huo mti unakwenda wapi hata uukimbilie hivyo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Picha hizo, moja moja, hazina kitu. Niliwahi kumwonyesha mwenzangu mmoja ofisini nikamwona akipiga miayo kwenye ya tatu. Zipange zote kumi na tatu mezani, na bado mgunga wenyewe haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika kipo miguuni pake. Mwaka wa kwanza ni udongo mtupu wenye nyufa. Wa tatu kuna nyasi upande mmoja. Wa tano kuna kichaka nilichodhani ni uchafu wa lenzi. Na katika picha ya mwaka wa nane, kwenye tundu la shina, kuna alama ya kijani isiyozidi punje ya choroko. Niliikuza kwenye kompyuta ya shule mpaka ikavunjikavunjika. Alikuwa kasuku mdogo wa kwetu, yule mwenye mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu walimpa jina la Fischer, msafiri wa Kijerumani. Asili yake ni ukanda huuhuu wa kusini mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 walinaswa na kuuzwa ng'ambo kwa maelfu, wakafugwa vibarazani Ulaya. Kwa hiyo wapo watu wa huko wanaomjua ndege huyu kuliko ninavyomjua mimi niliyezaliwa naye.

Nilimpelekea mjomba picha ile iliyovunjikavunjika. Akaishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo ndiye anayenipigia simu mvua ikinyesha.

*

Mdogo wangu yupo Geita. Alianzia Nyarugusu, akahamia Rwamgasa, na sasa anafuata rashi, yaani mkurupuko wa dhahabu mpya, popote inapotokea, kama wenzake wote. Kumfuata yeye kumenipa picha za aina nyingine, na kumeniharibia usingizi.

Zamani nilipita Mwanza na kuvuka kwa kivuko cha Kigongo hadi Busisi. Nilikipenda kivuko kile kuliko sehemu yoyote ya kupigia picha, kwa sababu juu ya maji watu hawana la kufanya: mama anamsuka bintiye, mzee anahesabu chenji mara ya tatu, konda amelala juu ya gunia la dagaa. Kuanzia Juni 2025 kuna Daraja la JPM, kilometa tatu za zege, unavuka kabla hujamaliza kufungua chupa ya maji. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri foleni usiku kucha wameokoka, na mimi nashukuru kama kila mtu. Nimepoteza mahali pangu pa kazi, basi.

Kule machimboni ridhaa ni ngumu kuliko kwa bibi. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hakuna anayetaka uso wake uonekane. Mmoja ana mke Sengerema asiyejua yuko wapi. Mwingine anachimba kwenye leseni ya mtu. Wa tatu anaamini kamera inafukuza dhahabu, na yeye sikubishana naye, kwani nimeona watu wenye shahada wakiamini mambo mazito zaidi. "Piga mikono, kaka," mdogo wangu aliniambia, "uso acha." Nikacheka peke yangu. Ni kama walikuwa wamepanga na bibi.

Nikapiga mikono. Mikono inayofunga matimba ndani ya shimo, magogo yale yanayozuia ukuta usishuke. Na kila nikiyaona nauliza yametoka msitu gani. Mikono kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, myeupe kwa vumbi la mawe hadi kwenye viwiko. Halafu mikono mwaloni, ambako mchanga uliosagwa unachanganywa na zebaki kwenye beseni na kufikichwa kwa kiganja kitupu, taratibu, kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Zebaki inaishika dhahabu, inaacha mchanga. Unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu. Kidonge kinachomwa, zebaki inapaa, manjano inabaki.

Mdogo wangu alikuwa akikichomea kidonge nyumbani kwake, jikoni, kwenye sufuria kuukuu, mlango umefungwa ili jirani asione amepata kiasi gani. Jioni moja ya mwaka 2016 aliniruhusu kupiga. Mwanawe wa miaka minne alikuwa ameinama juu ya moto, mikono nyuma, akisubiri ile rangi itokee. Sikutumia flashi, nilikuwa nimejifunza. Mwanga wa makaa ulimpanda shingoni, mashavuni, hadi kwenye kope.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Na kilicho muhimu ndani yake hakionekani, kwa sababu mvuke wa zebaki hauna rangi. Mtoto anauvuta, na picha inasema: tazameni jinsi alivyopendeza.

Baadaye nilisoma jinsi upigaji picha ulivyoanza, na nikakaa kimya muda mrefu. Mfaransa Louis Daguerre, ambaye ufundi wake ulitangazwa Paris mwaka 1839, alichukua bamba la shaba lililopakwa fedha, akalifukiza kwa iodini, akalianika mbele ya mwanga ndani ya kamera. Ukilitoa hapo halina kitu. Ili sura itokee, alilishikilia juu ya zebaki iliyopashwa moto. Mvuke ukapanda, ukanata pale mwanga ulipogusa. Mwaka mmoja baadaye Mfaransa mwingine, Hippolyte Fizeau, akaongeza jambo: ukiiosha picha kwa maji yaliyoyeyushiwa dhahabu, haifutiki upesi. Fedha, zebaki, dhahabu, moto. Wapiga picha wa kwanza na mdogo wangu wanafanya kazi ileile, na walivuta hewa ileile, wakiwa wameinama juu ya chombo wakisubiri kitu kitokee.

Ipo picha moja ya zebaki inayojulikana duniani. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Ilikuwa ya namna nyingine, iliyopita kwa samaki hadi kwa watu, na ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 1971 Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko. Smith alimpiga picha mama mmoja akimwogesha bintiye aliyezaliwa na sumu hiyo mwilini, amempakata majini, akimtazama. Jarida la Life liliichapa mwaka 1972 na dunia ikaelewa. Binti alifariki mwaka 1977. Miaka ikapita, picha ikazunguka, na wazazi wakachoka kumwona mtoto wao akiogeshwa mbele ya watu kila siku, wakataka apumzike. Katika miaka ya 1990 Aileen aliwarudishia wao uamuzi, na picha ikaacha kuchapwa. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitwa kwa jina la mji ule.

Kuridhia. Hata serikali zinalitumia neno hilohilo.

Wazazi wale walikuwa wamekubali siku picha inapigwa, nina hakika. Walitaka watu wajue. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ridhaa nayo inaweza kuchakaa, kwamba mtu ana haki ya kukubali leo na kukataa baada ya miaka ishirini. Picha ya mtoto wa mdogo wangu sijaionyesha kwa mtu yeyote isipokuwa baba yake. Nilikwenda kuisafisha Geita mjini, nakala moja, nikampelekea, nikamwonyesha kwa kidole mahali ambapo moshi ungekuwepo kama ungekuwa na rangi. Alinyamaza. Wiki ile akahamishia uchomaji nje, nyuma ya uzio wa minyaa. Niliporudi mara ya pili nikagundua kwamba upepo wa pale unakwenda moja kwa moja jikoni kwa jirani. Tumeanza mazungumzo upya.

Mtoto ana miaka kumi na minne sasa. Akifika umri, picha nitampa yeye, na yeye ndiye atakayesema.

*

Nilidhani napiga picha za maisha. Watu wa mtaani kwetu waliniona mapema kuliko nilivyojiona: kwao mimi ni mtu wa misiba.

Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai kwenye shimo la Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wameishi kwa maji ya matone, mende, vyura na magome ya magogo. Picha zao wakiwa wamekonda zilisambaa kote. Mimi nilifikiria nyumba zao katika zile siku 41, kwa sababu najua swali linaloulizwa katika nyumba yenye mtu aliyefukiwa, au aliyezama, au aliyekufa tu kitandani. Ndugu wakishamaliza habari ya jeneza na usafiri, mmoja huuliza: picha ipo?

Mara nyingi haipo. Ipo ya kadi ya mpiga kura au ya kitambulisho cha Taifa, mtu ametoa macho mbele ya shuka la bluu kama anayetuhumiwa. Hiyo ndiyo inayokuzwa, inatiwa fremu, inawekwa juu ya jeneza. Mtu ameishi miaka sabini, amelima, amecheza ngoma, amezaa, na sura anayoondoka nayo ni ile aliyompa karani kwa sekunde mbili. Basi wanakuja kwangu usiku, wakiwa na tochi: "Mwalimu, samahani, huna picha ya baba?" Nami natafuta kwenye kompyuta. Namkuta baba nyuma ya picha ya mbuzi, anacheka na mtu ambaye hayumo. Namkata hapo, nambandua na mbuzi wake.

Mbarara, Uganda, aliishi mwalimu wa useremala aitwaye Musa Katuramu. Kuanzia miaka ya 1930 alipiga picha ndugu, marafiki, wanafunzi, watu wa kwao, kwa mapenzi yake. Mamia ya negativu zake zilihifadhiwa nyumbani na familia, na ni baada ya yeye kufariki ndipo zilipochapwa katika kitabu na kutundikwa katika maonyesho. Watazamaji walishangaa kuona Waafrika wa wakati wa ukoloni wakiwa wametulia, wamekaa watakavyo, mbele ya mtu wanayemfahamu. Mimi sikushangaa. Nilichokionea wivu ni sanduku lake la negativu. Zangu ziko kwenye memori kadi tano, na moja imekwisha kufa.

Bibi alianza kuumwa mwishoni mwa 2022. Kwa wakati huo nilikuwa na dirisha jikoni kwake, nimelitoboa mwenyewe kwa ruhusa yake, na kuni zilitoka kwa mjomba. Macho yake hayakubadilika. Yalikuwa yamekwisha zoea rangi yao. Asubuhi moja aliniita kabla sijaenda shule.

"Ile mashine yako," alisema, "haiwezi kupiga kama zile za zamani? Zisizo na rangi?"

Nikamwambia inaweza.

"Wekundu hautoki?"

"Hautoki, bibi. Unakuwa kama kivuli."

Aliniambia nisubiri. Alijifunga kitenge cha harusi ya dada, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha lile, na akanitazama. Miaka kumi na moja nilikuwa nimezunguka uso ule kama mtu anayezunguka nyumba isiyo na mlango. Nilipiga mara tatu. Ya tatu alikuwa anakaribia kucheka.

Alizikwa Machi, na picha haikutafutwa usiku kwa tochi. Ilikuwa mezani tangu asubuhi, kwenye fremu ya mbao. Waombolezaji walipita mmoja mmoja, wakainama. Mzee mmoja kutoka kijiji cha pili, aliyemjua bibi kwa miaka mingi na ambaye sitasema alikuwa na maneno gani juu yake enzi hizo, alisimama pale muda mrefu, akavua kofia, kisha akaniuliza kama picha ile ilipigwa kabla ya Uhuru au baada yake.

Nikamjibu ni ya zamani kidogo.